Ng'ombe Niliowaandika "Hakuna"

Kabula mwanangu,

"Fomu ya maslahi ni ya wezi. Mtu mwadilifu hana cha kutangaza. Anajijua, na Mungu anamjua. Inatosha."

Hayo ni maneno ya mjomba wako Nkwabi, jana mchana, kwenye chakula cha kukuaga, huku ameshika paja la kuku na kutunyooshea kama mwalimu mwenye fimbo ya ubaoni. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Hata mama yako alitabasamu, na unajua mama yako hampi kaka yake tabasamu la bure. Mimi nilinyamaza. Wewe ukanigeukia ukangoja, kwa sababu tangu uzaliwe hujawahi kuona sentensi ya kijinga ikipita mbele yangu ikabaki salama. Ukauliza, "Baba, wewe unasemaje? Niandike?" Nikakujibu kwamba chakula kinapoa.

Sasa chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, wageni wameondoka, na kesho asubuhi unapanda basi la Geita kwenda kuanza kazi ya ukaguzi wa migodi. Nakujibu. Mjomba wako amekosea, na amekosea kabisa. Mwizi haogopi fomu ile hata kidogo. Anaandika "hakuna" na kugeuza ukurasa. Anayeihitaji ni mtu mwadilifu, hasa yule mwenye uhakika kwamba ni mwadilifu. Nina ushahidi wa hilo, na ushahidi wenyewe ni mimi.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala kuchomekea chandarua. Mama yako amekuimbia hayo wiki nzima, na michembe ya viazi aliyokufungia inatosha kulisha ofisi yenu yote mpaka masika. Nataka kukueleza jambo unalolijua nusu tu, tena nusu yake ya furaha.

Unawakumbuka wale ng'ombe waliokaa uani kwetu ulipokuwa chekechea? Unapenda kuwasimulia wadogo zako: nyumba ya kupanga hapa Shinyanga mjini, ua mdogo wenye karo la kufulia, na ng'ombe kumi na mmoja wamebanana humo, mmoja amevaa shuka ya jirani kwenye pembe kwa sababu aliivuta kwenye kamba. Ulimpa ndama jina la mwalimu wako. Kwako zile zilikuwa siku za sikukuu. Hukuwahi kuuliza ng'ombe wale walifikaje mjini, nami sikuwahi kukueleza, mimi ninayejigamba redioni kwamba sifichi kitu.

Walifika kwa sababu ya neno moja nililoliandika kwenye fomu.

Unajua kwamba kabla ya kufundisha, na kabla ya kuanza kugombana na wakubwa magazetini, nilikuwa mkaguzi wa pamba. Nilizunguka kwenye vituo vya kununulia vijijini, nikaangalia mizani, nikaingiza mkono kwenye rundo hadi kwenye kiwiko kutafuta unyevu na mchanga, kisha nikatoa hukumu: hii ni safi, hii ni fifi. Safi ni daraja la juu. Fifi ni ile iliyochafuka, na mkulima akisikia neno hilo anajua kwamba jasho la tangu palizi limeshuka thamani mbele ya macho yake. Neno langu lilikuwa zito kuliko umri wangu. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, na kila kitabu kilinithibitishia kwamba mimi ni bora kuliko wenzangu wa ofisini.

Nilipohamia mjini niliacha ng'ombe wangu Samuye, kwenye boma la Maduhu, ambaye nilichunga naye tangu tukiwa hatujui kuvaa suruali. Wewe huhitaji kuelezwa desturi hiyo, ila wenzako waliotoka mikoa mingine wataihitaji, kwa hiyo jizoeze kuieleza hivi. Unaweka ng'ombe wako kwa mwenzako. Yeye anawachunga, anakunywa maziwa, anatumia samadi shambani, na msimu wa kulima anafunga maksai wako kwenye jembe lake. Wakizaa, ndama ni wako, na baada ya miaka kadhaa unamtolea mtamba mmoja kwa shukrani. Hakuna karatasi. Babu zetu walitawanya mifugo namna hiyo ili ugonjwa au wezi wasimalize zizi lote kwa siku moja. Mgeni akipita anaona ng'ombe wa Maduhu. Ukweli wanaujua watu wawili.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fomu. Iliuliza kama nina maslahi yoyote na mtu anayehusika na ununuzi wa pamba. Msimu ule Maduhu alikuwa amechaguliwa kuwa karani wa kituo cha kununulia pamba kijijini kwake. Nilishika kalamu nikawaza: maslahi ni hisa, ni kampuni, ni mambo ya watu wanaovaa tai. Ng'ombe ni undugu. Nikaandika "Hakuna."

Sikudanganya, Kabula. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kama ningedanganya, ningejua siku moja mahali pa kuanzia kujirekebisha.

Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza. Dereva wetu alikuwa Mzaramo, na kwa utani uliopo kati yao na sisi Wasukuma alikuwa na ruhusa ya kunitukana bila kunikosea. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Samuye. Maduhu alikuwa ametupa kibuyu cha mtindi, na dereva alikinywa huku anaendesha kwa mkono mmoja.

"Mtani," akasema, "maziwa haya ni ya ng'ombe wa nani?"

"Wa Maduhu."

"Muongo mkubwa. Umeshuka kwenye gari ukaenda zizini kabla ya kwenda kwenye mizani. Nilikuwa nakutazama kwenye kioo."

"Nilikwenda kusalimia."

"Kumsalimia nani? Yule mwenye pembe iliyopinda? Nyie Wasukuma hamna aibu. Nitatangaza ofisini kwamba pamba ya Samuye inapita kwa sababu mkaguzi wake ni shemeji wa ng'ombe."

Alicheka mpaka gari likayumba. Nikacheka naye. Lakini utani ule uliniingia kama mwiba wa mgunga, na kadiri siku zilivyopita ulizidi kuchimba. Nilianza kuwatazama wenzangu ofisini nikijiuliza nani amesikia. Ningeweza kuingia kwa mkuu wangu siku hiyohiyo na kusema, "Mama, kuna jambo sikuliandika." Lingekuwa jambo la dakika tano. Sikwenda. Kwa nini niende, wakati mimi ni mwadilifu? Mwadilifu hana cha kutangaza. Unaisikia hiyo sentensi? Jana nilipoisikia ikitoka kwa mjomba wako nilidhani mtu ameniibia kichwa changu cha zamani.

Badala ya kutangaza, niliamua kuthibitisha.

Mwezi uliofuata nilirudi Samuye nimekaza uso. Safari hii sikwenda zizini. Niliingia moja kwa moja kwenye ghala, na kwenye kona nikakuta rundo moja lenye unyevu. Mkulima fulani alikuwa amelinyunyizia maji ili liwe zito kwenye mizani. Maduhu alikuwa ameshalibaini, amelitenga, amelitandaza kwenye mkeka likauke, kama kanuni ilivyotaka. Kwa kituo kingine chochote ningeandika: limetengwa, likaguliwe upya Alhamisi. Kwa Maduhu niliandika kwamba pamba yote ya ghala ni fifi, nikafunga kituo, nikapiga lakiri mlangoni.

"Baba Kabula," akaniambia, taratibu, mbele ya wakulima, "umeingiza mkono kwenye rundo moja tu."

"Nimeona kinachotosha."

"Kinachomtosha nani?"

Nilipanda gari. Njia nzima dereva hakutania hata mara moja.

Ofisini nilipongezwa. Mkuu wetu, mama wa makamo tuliyemwita Bi Mkuu, aliisoma taarifa yangu mbele ya wote akasema hivyo ndivyo mkaguzi anavyotakiwa kuwa, mtu asiyejua rafiki wakati wa kazi. Niliinuka nikapokea makofi. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, na mengine yamechapishwa, lakini hakuna linalonifanya nifunike uso peke yangu kama kule kuinuka.

Wakati napokea makofi, wakulima wa Samuye walikuwa wanapakia pamba kwenye mikokoteni kwenda kituo cha jirani, mwendo wa nusu siku kwa ng'ombe. Mkokoteni wa mjane mmoja, Mama Shija, ulivunjika ekseli njiani. Pamba yake ikamwagika vumbini ikalala huko. Ilipofika kwenye mizani ilikuwa fifi kweli. Iliondoka nyumbani nyeupe, na mimi niliiita chafu kabla haijachafuka, kisha nikaichafua.

Siku ya tisa tangu nifunge kituo, asubuhi, tukiwa kwenye kikao, tukasikia kengele. Kengele za ng'ombe, katikati ya mji, kwenye geti la ofisi ya serikali. Mlinzi alikuwa anapiga kelele, "Mzee, hapa si mnadani! Mzee!" Na sauti ninayoijua ikamsalimu kwa Kisukuma, kwa upole, "Mwangaluka, kijana wangu. Nimekuja kumwona mkaguzi. Nimemletea mali yake."

Alikuwa amewaswaga kutoka Samuye kwa miguu. Wote. Hata yule mtamba niliyempa mwaka uliotangulia kwa shukrani alikuwa amemrudisha. Hilo lilinipiga kuliko yote, kwa sababu kwetu huwezi kumwambia mtu "tumeachana" kwa sauti kubwa zaidi ya hiyo.

Ofisi nzima ilitoka. Dereva wangu alishindwa kujizuia. "Mtani! Shemeji zako wamekuja kuripoti kazini!"

Bi Mkuu alishuka ngazi. "Ng'ombe wa nani hawa?"

Ng'ombe mmoja alikuwa ameanza kula maua ya serikali.

"Wangu," nikasema.

"Na huyu bwana?"

"Karani wa kituo cha Samuye."

Alimtuma mhudumu akaleta faili langu, akalifungua juu ya boneti ya gari, akaisoma fomu yangu mpaka chini. Kisha akainua macho akawatazama ng'ombe, mmoja mmoja, kama mtu anayeita majina darasani.

"Kwa hiyo hawa," akaniuliza, "ndio 'Hakuna'?"

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Maduhu hakucheka. Alimgeukia Bi Mkuu akasema, "Mama, sikuja kumshitaki. Angenikuta na kosa angenifungia, ningekubali. Lakini siku ile hakukagua pamba. Alikuwa anajikagua mwenyewe. Sisi tulikuwa kwenye njia yake tu."

Nimesoma mengi kuhusu mgongano wa maslahi tangu siku hiyo, vitabu vinene vya watu wenye shahada nyingi. Hakuna aliyeusema vizuri zaidi ya mchunga ng'ombe aliyesimama getini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Baadaye Bi Mkuu aliniita ofisini kwake. Nilitegemea kufukuzwa. "Ungeandika tu kwamba una ng'ombe kwa Maduhu," akasema, "unajua ningefanya nini?"

"Ungenikatalia kazi."

"Ningempeleka mwenzako Samuye, wewe ningekupangia Kishapu. Basi. Ungekunywa mtindi wako kwa raha mpaka ustaafu."

Mkaguzi mwingine alikwenda. Aliingiza mkono kwenye kila rundo. Pamba ilikuwa safi, isipokuwa lile la kwenye mkeka. Kituo kikafunguliwa, mimi nikapewa barua ya onyo na kuondolewa vijijini kwa msimu mzima. Nilikwenda Samuye kuomba radhi mbele ya mkutano. Mama Shija alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno yako hayatairudisha pamba yangu kuwa nyeupe. Lakini kaa ule, umetoka mbali." Nikakaa, nikala ugali wa mtama kwa mlenda. Ng'ombe ndio hao uliowaona uani, mpaka nilipowapatia mahali pengine.

Sasa unaelewa kwa nini nasema fomu ni ya waadilifu. Watu wote wanaojadili jambo hili wanadhani maslahi yanavuta upande mmoja: utampendelea ndugu yako. Ndiyo, wengi hupendelea. Lakini mwenye majivuno huvutwa upande wa pili. Atamkandamiza ndugu yake ili watu wamwone, na wasio na hatia watalipia maonyesho yake. Kote kuwili pamba haijakaguliwa. Usijiulize tu kama utamwonea huruma mtu wako. Jiulize kama bado unaiona pamba.

Utakutana na wengine huko, wenye hoja ya kisomi zaidi ya mjomba wako. Watakwambia kwamba mambo ya kujitenga na ndugu kazini yametoka ng'ambo, kwamba sisi tunaishi kwa ukoo. Nimebishana na watu hao hadharani mara nyingi na sijachoka. Waulize wamewahi kukaa kwenye kesi ya ng'ombe kijijini? Kabla ya neno la kwanza wazee huuliza nani ana undugu na nani, na shemeji wa mdai huhama upande wa waamuzi na kwenda kukaa na wasikilizaji. Hakuna anayemwita mwizi. Anahama tu, tena mara nyingine anashukuru, kwa sababu jioni anarudi kwa shemeji yake kula chakula bila kuulizwa alikuwa upande gani. Sisi ndio tunaojua uzito wa undugu. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuuandika kwa herufi kubwa.

Sasa nije kwako.

Mjomba wako ana duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu. Uliishi kwake miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Alikuamsha kwenda shule, alikukemea, aliuza baiskeli yake ulipougua. Ni mtu mwema mwenye mdomo mkubwa, na najua unampenda, kama mimi. Jana aliposema, "Sasa mpwa wangu aniandike kwenye karatasi kama ugonjwa?" niliona ulivyoinamisha kichwa. Uliona aibu kwa niaba yake. Ofisi yako ndiyo itakayokagua maduara ya eneo lile, na Jumatatu utapewa fomu. Hilo ndilo ulilokuwa unaniuliza, na nilijua.

Nilinyamaza kwa sababu ningekujibu la mjomba wako, ungeuliza swali la pili. Swali la pili linanihusu mimi.

Ile mikaratusi yangu ya Samuye, niliyoivuna mwaka juzi nikawaambia nimeuza kwa wajenzi, ilikwenda Nyarugusu. Nkwabi aliitumia kwa matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za shimo zisiwaangukie wachimbaji. Badala ya kunilipa, tulikubaliana nipate fungu la mawe kila duara linapotema dhahabu. Hatukuandikiana. Limetema mara mbili, na paa jipya unaloliacha kesho limetoka huko. Sikukuambia kwa sababu nilijiambia ni mambo ya shemeji na shemeji. Naona unavyotikisa kichwa. Ndiyo. Baba yako, baada ya ng'ombe kumi na mmoja, ameweka tena mali yake kwenye boma la mtu mwingine na kukaa kimya.

Fikiria basi usipoandika. Siku moja utateremka kwenye duara lile na kofia yako na taa yako. Utagonga nguzo kwa nyundo, usikilize kama mti umeoza ndani. Mti huo aliupanda baba yako. Juu amesimama mjomba aliyekulea. Chini wako watu kumi na wawili ambao hawakujui na wamekuachia shingo zao. Utasikia nini? Labda utasikia mti mzima kwa sababu unataka uwe mzima. Labda utasikia uozo kwa sababu unaogopa kuitwa mpwa wa Nkwabi, na utafunga shimo zima watu wakalale njaa kwa sababu ya nguzo moja ya kubadilisha. Simwamini mtu yeyote duniani kusikia vizuri akiwa hapo. Nakupenda, na wewe pia sikuamini. Mimi mwenyewe nilishindwa kwa pamba, ambayo angalau haimwangukii mtu.

Kwa hiyo andika. Andika jina la Nkwabi, duara lake la Nyarugusu, na kwamba uliishi kwake. Andika jina langu chini yake: baba, fungu la mawe, nguzo za mikaratusi. Usinionee haya. Sitaliacha fungu langu, na sioni kwa nini niliache. Hakuna aliyesema baba wa mkaguzi asile. Ninachotakiwa ni kuonekana ninapokula. Siku duara lile likitokea kwenye orodha yako, mwambie mkuu wako "hili si langu" kabla hujalifungua faili, na usitoe hotuba. Akikujibu, "Wewe nakuamini, nenda tu," ujue hapo ndipo pagumu kuliko rushwa, kwa sababu sifa ni tamu na haina harufu. Ikatae. Mimi niliipokea nikiwa nimesimama.

Mengine siwezi kukuandikia, hayajatokea. Utaimba kwaya na mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, utachumbiwa na mtu mwenye leseni ya kuchimba, mama mwenye nyumba wako atakuwa na mtoto anayechimba. Fomu haitauliza kila kitu. Itazame miguu yako. Ukishuka kwenye gari, inakwenda wapi kwanza? Dereva wangu aliiona yangu kwenye kioo kabla mimi sijajua ninakoelekea.

Usidhani naandika haya kwa huzuni. Leo ni miongoni mwa siku zangu nzuri. Nyumba inanuka vitunguu vya jana, wadogo zako wanagombania begi lako la zamani, na mama yako amekaa hapa pembeni anajifanya anachambua mchele kumbe anasoma juu ya bega langu. Amenigonga na ungo nilipofika kwenye habari ya mikaratusi. "Paa letu!" amesema. "Miaka miwili unaniambia wajenzi!" Kisha ameupepeta mchele mara mbili, akasema, "Aandike. Na mimi aniandike, nimelala chini ya hilo paa." Hivyo andika na mama yako.

Na Maduhu? Mwaka nilioacha kazi ya ukaguzi nilikwenda Samuye peke yangu, bila gari la ofisi, nikamwuliza kama boma lake bado lina nafasi. Alinizungusha kwa stori za mvua saa nzima kabla ya kujibu. Ng'ombe wako kwake mpaka leo. Mtindi uliokunywa jana vikombe vitatu ulitoka kwake, na aliyeuleta alikuja na salamu: mwambieni Kabula asipokee mtindi kazini. Nenda vizuri mwanangu. Najivunia wewe, na safari hii sijivunii mimi mwenyewe kupitia kwako. Nimejichunguza sana hapo.

Barua hii utaondoka nayo kwenye mkoba. Nakala yake mama yako ataipiga picha na kuiweka kwenye kundi la ukoo kwenye simu, kesho, basi likishatoka stendi. Ameniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia sijawahi kuwa na uhakika zaidi ya huu. Kwa hiyo mistari inayobaki si yako, Kabula.

Ni yenu, ndugu zetu mtakaosoma kundini: wajomba, shangazi, binamu, na kila mwenye duara, karasha au leseni kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu. Msimpigie Kabula simu. Msimtumie ujumbe wa "mwanetu, tusaidie kidogo". Msipitie kwa mama yake, wala kwangu. Mimi nitawajibu vibaya na mnanijua. Mwenye shida na ofisi aende ofisini, apange foleni, ataje jina lake mwenyewe, akaguliwe na mtu asiyemjua. Na mkaguzi huyo akigonga nguzo akasema imeoza, hata iwe mti wa shambani kwangu, msibishane naye na msitafute namba ya mtu. Toeni watu shimoni siku hiyohiyo.